Sare Moja, Mafundi Wawili

Msimu huu wa korosho nilitegemea kuulizwa habari za printa zinazokula karatasi. Kumbe karibu kila barua ni ya rangi. Kwa wageni wa ukurasa huu: mimi ni mama wa steshenari hapa Lindi mjini. Natoa kopi, nachapa barua, napiga picha za pasipoti, nalaminisha vyeti. Kompyuta zangu tatu zinatumia mfumo wa Linux badala ya Windows tangu virusi vya flashi za wateja viliponilia kazi ya wiki nzima. Sikusomea. Nimejifunza kwa kuharibu na kutengeneza.

*

*Shikamoo Mama Steshenari. Mimi ni karani wa chama cha msingi huku Tandahimba. Laptopu ya ofisi ina Debian 12 yenye Xfce. Usiku nikijumlisha kilo za wakulima macho yananiuma, nikaamua kuweka mandhari nyeusi, Adwaita-dark. Kidhibiti mafaili kimekuwa cheusi, Firefox nyeusi, hata LibreOffice imefuata. Lakini VLC ya kuchezea video na Okular ya kusomea PDF zimebaki nyeupe pe! Nikifungua stakabadhi ya ghala ya PDF ni kama mtu kanimulika tochi usoni. Nimekosea wapi?*

Marahaba mwanangu. Hujakosea popote. Kwenu huko mnapojiandaa na ngoma ya kumtoa mwali, kina mama si huwa wanakubaliana kitenge cha sare? Tangazo linapita, hela inachangwa, kitambaa kinakatwa. Siku yenyewe wanatokea shangazi wawili wamevaa kitenge kingine kabisa. Watu wananong'ona kwamba wamefanya kusudi, kumbe masikini tangazo halikuwafikia. Sasa VLC na Okular ndio hao shangazi wawili.

Programu za Linux kwa kawaida hazijichorei vitufe na menyu zenyewe. Zinapeleka kitambaa kwa fundi. Na mafundi wakubwa ni wawili: mmoja anaitwa GTK, mwingine Qt. Xfce yako, yaani meza, menyu na madirisha unayoyaona ukiwasha, imeshonwa na GTK, kwa hiyo ukichagua Adwaita-dark kwenye mipangilio, wanaosikia ni wateja wa GTK. Firefox inamsikiliza huyo fundi, LibreOffice nayo ina kiungo cha kumsikiliza. VLC na Okular ni wateja wa Qt, na Qt ana daftari lake la vipimo.

Kwa nini mafundi wawili mtaa mmoja? Ni ugomvi wa zamani wa leseni. GTK ilizaliwa Marekani, kwenye Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wanafunzi wawili walipokuwa wanatengeneza programu ya picha iitwayo GIMP. Herufi ya G kwenye GTK ilitoka huko. Qt ilitoka Norway, mikononi mwa kampuni ya Trolltech. Mwaka 1996 Mjerumani Matthias Ettrich akaanzisha KDE, mazingira ya kompyuta kama Xfce yako, juu ya Qt. Lakini leseni ya Qt ya wakati ule haikuwa huru vya kutosha machoni pa wengi, ndipo mwaka 1997 Miguel de Icaza na Federico Mena, wote wa Mexico, wakaanzisha mshindani wake, GNOME, juu ya GTK. Leseni ilirekebishwa zamani, ugomvi ukaisha, vyerehani viwili vikabaki. Wewe na Okular yako mnalipia deni ambalo hamkulikopa.

Sasa kazi. Fungua terminali uweke kifurushi cha qt5ct:

`sudo apt install qt5ct`

Kisha kwenye folda yako ya nyumbani fungua faili liitwalo `.xsessionrc`. Kama halipo, litengeneze, na usisahau nukta ya mbele. Andika mstari huu mmoja:

`export QT_QPA_PLATFORMTHEME=qt5ct`

Hifadhi, toka kwenye akaunti yako, ingia tena. Kufunga dirisha tu hakutoshi, maana mstari huo unasomwa wakati wa kuingia. Ukirudi, fungua qt5ct, chagua mtindo wa Fusion, kisha kwenye rangi chagua mpangilio uitwao darker. Bonyeza kitufe cha kukubali. VLC itakuvalia nyeusi. Haitafanana na Adwaita kwa asilimia zote, weusi wake unaelekea kijivu kidogo, lakini mbali ya hatua tatu hutajua. Ukitaka kufananisha zaidi, kwenye qt5ct unaweza kuhariri rangi moja moja mpaka ziwiane, au uweke Kvantum, mtindo mwingine wa Qt wenye mandhari nyingi za kuchagua. Mimi Kvantum niliicheza jioni mbili nikaiacha, inataka mtu mwenye nafasi. Baadaye ukipata programu za Qt 6, yupo ndugu yake, qt6ct.

Okular ina jambo la ziada. Hata menyu zake zikiwa nyeusi, ukurasa wa PDF wenyewe utabaki mweupe, kwa sababu huo ni waraka. Ile stakabadhi imetengenezwa kwenye karatasi nyeupe, na karatasi haihusiani na sare. Ingia kwenye mipangilio ya Okular, sehemu ya ufikivu, utakuta pa kubadili rangi za waraka, uchague kugeuza. Inageuza kwa macho yako tu. Ukichapa inatoka kama kawaida.

La mwisho, kwa kuwa wewe ni karani na mchana pia unafanya kazi. Mandhari nyeusi ni ya usiku. Duka langu linatazama upande wa bahari, asubuhi jua linaingia mlangoni moja kwa moja. Kwa mwanga ule skrini nyeusi inageuka kioo cha kinyozi: naona kilemba changu na watu wanaopita barabarani, namba za mteja sizioni. Asubuhi narudisha nyeupe. Na anayekwambia kwamba weusi unatunza betri, mwulize ni skrini ya aina gani. Kwenye laptopu nyingi tulizonazo, zile za LCD, taa ya nyuma inawaka vilevile hata picha ikiwa nyeusi. Wanaofaidi ni wenye skrini za OLED, kama zilivyo simu nyingi za bei.

*

*Shikamoo shangazi. Nasoma chuo hapa Mtwara. Nimeandika programu ya Python kwa PySide6 ya kurekodi mizigo ya korosho, ili babu yangu na wenzake kule Nanyamba waache madaftari yanayoliwa na mchwa. Kwangu inapendeza sana. Nilipoipeleka kwenye kompyuta ya rafiki yangu mwenye mandhari nyeusi, visanduku vya kuandikia vikawa vitupu. Ukiandika jina la mkulima hulioni, ila ukilihifadhi limo. Safu za madaraja nazo hazisomeki. Rafiki yangu anacheka mpaka leo.*

Marahaba mwanangu, na mwache acheke. Kisa chako nitakijibu kwa kirefu maana kinawapata wengi, hata mimi.

Kwanza cha kwangu. Mwaka wa kwanza wa mandhari nyeusi nilikuwa nachapa barua ya mzee mmoja, maombi ya kurudishiwa kiwanja. LibreOffice ilikuwa nyeusi, ukurasa mweusi. Maandishi niliyonakili kutoka kwenye barua yake ya zamani yakawa hayaonekani vizuri. Nikayachagua yote, nikayapa rangi nyeupe. Yakaonekana, nikaridhika. Printa ikatoa kurasa tatu safi kama zilivyoingia. Mzee akazipokea kwa mikono miwili, akazigeuza, akazigeuza tena, akaniuliza kwa upole: "Mwanangu, barua yangu iko upande gani?" Nilitaka sakafu ipasuke.

Kosa langu lilikuwa kuamuru nyeupe kwa mkono. LibreOffice ina rangi ya maandishi inayojichagua: juu ya weusi inakuwa nyeupe, juu ya weupe inakuwa nyeusi, na kwenye karatasi inatoka nyeusi. Ningeiacha hivyo, mzee angepata barua.

Na wewe umefanya lilelile. Bila kuona programu yako nakuwekea dau la sahani ya ming'oko kwamba ndani yake kuna mstari kama huu:

`setStyleSheet("background-color: white")`

Umeamuru usuli uwe mweupe, ukanyamaza kuhusu maandishi. Kwako maandishi ya mfumo ni meusi, kwa hiyo bahati ikakubeba. Kwa rafiki yako mfumo umesema maandishi yawe meupe, na programu yako imetii amri zote mbili: usuli mweupe kutoka kwako, maandishi meupe kutoka kwa mfumo. Rangi zinatembea mbili mbili kama kanga. Ukikata kipande kimoja ukavaa, cha pili utakipata wapi? Ama uamue zote mbili, ama usiamue hata moja.

Ushauri wangu ni usiamue. Futa huo mstari. PySide6 yako ni yuleyule fundi Qt kwa lugha ya Python, na Qt inabeba daftari la rangi za mtumiaji linaloitwa QPalette, na limeandikwa kwa jozi: Window na WindowText kwa dirisha, Base na Text kwa visanduku vya kuandikia, Button na ButtonText kwa vitufe, Highlight na HighlightedText kwa kilichochaguliwa. Kama ni lazima utumie mtindo wako, mathalani kwa sababu ya mipaka ya visanduku, andika hivi:

`background-color: palette(base); color: palette(text);`

Hapo hujataja rangi yoyote. Umesema tu "nipe ya mwenye nyumba". Na kama umepaka mistari ya jedwali kwa kupishanisha nyeupe na kijivu, futa nayo. Mwite `setAlternatingRowColors(True)`, jedwali litachukua AlternateBase ya mtumiaji na kupishanisha lenyewe.

Tuje kwenye madaraja ya korosho. Hapa sikulaumu kwa kutaka rangi, babu anahitaji kuona mara moja mzigo upi ni daraja la kwanza. Bila shaka ulichagua kijani hafifu na njano hafifu, zinazokaa vizuri chini ya wino mweusi. Kwenye mandhari nyeusi wino ni mweupe, na nyeupe juu ya njano ni sawa na kumtafuta mtu aliyemwagikiwa salfa katikati ya shamba linalopuliziwa. Mwongozo wa viwango vya kurasa za wavuti, WCAG, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na usuli wake kwa uwiano wa mwanga usiopungua 4.5 kwa 1. Njano kamili na nyeupe zina kama 1.07 kwa 1. Njano ileile chini ya maandishi meusi inafika 19.5. Na nyekundu kamili juu ya nyeupe, ile mnayopenda nyote kuandikia makosa, inaishia 4, haifiki hata kiwango. Iweke nzito kidogo.

Basi tengeneza jozi mbili za kila daraja: moja ya usuli hafifu na maandishi meusi, nyingine ya usuli uliokolea na maandishi meupe. Programu ichague yenyewe. Njia inayofanya kazi hata kwenye Qt ya zamani ni kuuliza mwanga wa Base: `palette().color(QPalette.Base).lightness()`. Jibu linatoka 0 hadi 255. Likiwa chini ya 128, uko kwenye mandhari nyeusi. Kuanzia Qt 6.5, iliyotoka 2023, unaweza kuuliza moja kwa moja kupitia `styleHints().colorScheme()`, na kuna ishara ya `colorSchemeChanged` inayokuita mtumiaji akibadili mandhari programu ikiwa wazi. Isikilize, upake upya. Vinginevyo babu akibadili jioni itabidi aifunge na kuifungua, na babu hatafanya hivyo, ataipigia simu familia nzima.

Pia andika neno la daraja ndani ya safu, usiachie rangi peke yake. Kuna wanaume wengi wasiotofautisha kijani na nyekundu na hawajawahi kumwambia mtu. Na aikoni: kama umechora zako nyeusi, zitazama kwenye weusi. Tumia `QIcon.fromTheme` pale jina la aikoni linapokuwepo.

Kabla hujaipeleka Nanyamba, ijaribu kwa kubadilisha mandhari ya kompyuta yako mwenyewe, nyeupe, nyeusi, kisha moja ya ajabu ajabu uliyoibuni kwenye qt6ct, yenye usuli wa kahawia na maandishi ya samawati. Hiyo ya tatu ndiyo itakayokuumbua, kwa sababu kila rangi uliyoiamuru kwa siri itajitokeza kama kipele. Na mwambie rafiki yako kwamba Tkinter, chombo kingine cha Python cha kutengenezea madirisha, aliyoitumia yeye bila shaka, kwenye Linux haisikilizi mandhari ya mfumo kabisa. Acheke hilo.

*

*Mama, mimi ni mwalimu Nachingwea. Nimepakua mandhari nzuri nikaiweka kwenye folda ya .themes. Inafanya kazi, isipokuwa kila programu inayoniomba nywila ya msimamizi, kama Synaptic, inafunguka na sura ya zamani. Na zile nilizoweka kwa Flatpak ndiyo kabisa.*

Mwalimu, ugonjwa ni mmoja. Folda ya `.themes` iko chumbani kwako. Synaptic inaendeshwa na root, yaani msimamizi mkuu wa kompyuta, na root akitafuta mandhari anachungulia chumbani kwake na kwenye sebule ya wote. Chako hakijui. Ihamishie mandhari yako sebuleni:

`sudo cp -r ~/.themes/JinaLaMandhari /usr/share/themes/`

Programu za Flatpak zimefungiwa ndani ya kibanda chao, na hiyo ni kwa usalama wako. Hata sebule yako haziioni. Mandhari maarufu zina vifurushi vyake Flathub, duka la programu za Flatpak, majina yanaanza na `org.gtk.Gtk3theme`, ukiweka kinachofanana na mandhari yako zinavaa. Kama mandhari yako ni ya mtaani na haina kifurushi, ruhusu zione folda yenyewe: `flatpak override --user --filesystem=~/.themes`. Kwa za Qt bado utahangaika. Mimi hizo nimeziacha zilivyo.

*

*Dada, nakuandikia kutoka Mikindani. Nimenunua laptopu, nikawekewa Fedora 41 yenye GNOME. Napenda zambarau, nguo zangu zote zambarau, hata mlango wa nyumba. Nikapakua mandhari ya zambarau nikaichagua kwenye Tweaks. Programu mbili tatu zimeivaa. Lakini Mipangilio, Kikokotoo na Mafaili zimegoma. Ni dharau gani hii?*

Dada yangu, dharau ipo kidogo, tusidanganyane. Tazama vizuri hapo Tweaks, imeandikwa kwamba chaguo hilo ni la programu za zamani. Za sasa za GNOME zinatumia libadwaita, maktaba ya GNOME ya vitufe na madirisha, ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka mwishoni mwa 2021, na hiyo imekuja na nguo yake mwilini. Ni makusudi. Mwaka 2019 baadhi ya watengenezaji waliandika barua ya wazi wakiomba waunda mifumo ya Linux waache kuzivalisha programu zao mandhari nyingine, kwa sababu vitufe vinapotea, maandishi yanafifia, na lawama inawarudia wao. Nikikumbuka kurasa tatu za yule mzee nawaelewa. Nikikumbuka kwamba laptopu ni ya kwako na umeilipia, siwaelewi tena.

Walilainika. Siku hizi mfumo unabeba ujumbe ambao programu za koo zote zinaweza kuusoma: mtumiaji anapenda nyeusi, anapenda nyeupe, au hajali. Na GNOME 47, ambayo ndiyo iliyomo kwenye Fedora 41 yako, imeongeza rangi ya msisitizo. Nenda Mipangilio, sehemu ya mwonekano. Utakuta rangi tisa, na zambarau imo. Ichague: vitufe, swichi na vilivyochaguliwa vitageuka zambarau. Usuli utabaki mweupe au mweusi.

Ukitaka na usuli, kuna mlango wa uani. Tengeneza faili `~/.config/gtk-4.0/gtk.css` uandike:

`@define-color window_bg_color #2d1b3d;`
`@define-color window_fg_color #f4ecf9;`

Umeona nimeandika mistari miwili? Yule kijana wa programu ya korosho anajua kwa nini. Utaona pia orodha na visanduku vimebaki na rangi yake, hivyo vina jozi nyingine, `view_bg_color` na `view_fg_color`. Na juu kwenye dirisha, `headerbar_bg_color` na mwenzake. Mlango huu hakuna aliyeuahidi. Siku ukisasisha mfumo na Mafaili ikafunguka na sura ya kinyago, badili jina la hilo faili, fungua programu upya, kila kitu kitarudi kilivyokuwa. Halafu jioni yake uanze tena kutafuta zambarau yako.